Goli Lililoufuata Mpira

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Anayeijua anaijua, na asiyeijua asiwe na haraka, maana mambo yetu huwafikia majirani yenyewe bila kutumwa. Nitasema tu kwamba ni nchi yenye uhuru mwingi mno, hata serikali ikalazimika kuunda wizara ya kuusimamia, usije ukazagaa ovyo na kuwadhuru watoto. Inaitwa Wizara ya Mambo Yanayojiendesha Yenyewe. Kila kinachojiendesha chenyewe katika nchi yetu kinaendeshwa na wizara hiyo.

Mimi naitwa Tausi. Wakati wa mambo haya nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Fikra Huru, nikicheza beki wa kushoto katika timu ya wanawake ya Klabu ya Kandanda, na mjumbe wa kamati yake. Klabu yetu ilikuwa ya wanafunzi, ikiendeshwa na wanafunzi, kwa ajili ya wanafunzi. Maneno hayo yalipakwa rangi kwenye ukuta wa uwanja na mafundi wa wizara. Tulikuwa na mwenyekiti, Rukia Mtondoo, tuliyemchagua wenyewe mara tu tulipoambiwa tumchague. Tulikuwa na mlezi pia, Profesa Kilonzi, kwa kuwa sheria inasema klabu isiyo na mlezi ni yatima, na yatima hapewi uwanja.

Na tulikuwa na Siwema, kipa.

Siwema alikuwa na mikono mirefu na maneno mafupi. Tulikaa chumba kimoja bwenini, na glovu zake zilikuwa zikianikwa dirishani petu mwaka mzima, zikinuka jasho na nyasi, nami nikilalamika kila siku bila kuziondoa. Alikuwa mwaka wa mwisho. Kabla hajamaliza kulikuwa na Michezo ya Vyuo, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya jirani, na mara zote zilizopita ruhusa ya safari ilikuwa imekwama mahali. Safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake.

"Nataka nipigiwe mashuti na watu wasionijua," aliniambia siku moja tukimenya viazi. "Humu ndani kila mtu ananipigia kwa adabu."

"Na wakikufunga?"

"Wanifunge, Tausi. Lakini wanifunge kweli."

Nilicheka. Sikuona kwamba lilikuwa ombi kubwa kiasi hicho.

*

Kwa wasioijua desturi yetu, niieleze. Mechi haianzi bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi hakai bila kuhutubia, na akishahutubia huteremka uwanjani kupiga penalti ya ufunguzi. Kipa hulala upande mmoja, mpira huingia upande mwingine, watu hushangilia, mgeni hurudi kivulini kunywa soda. Ni adabu tu, na nasikia hata nchi nyingine wanayo. Tofauti ni kwamba kwetu mabao hayo yanahesabiwa.

Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Fumbwe, alikuwa amefungua mashindano mengi kuliko mtu yeyote aliye hai. Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa Mfungaji Bora wa Taifa, akiwaacha mbali wale ambao kazi yao ni kucheza tu na hawafungui chochote. Kila mwaka alijikabidhi kiatu cha dhahabu, akajipongeza kwa hotuba, kisha akasimama kujishukuru. Watoto shuleni waliulizwa katika mitihani: taja mchezaji hodari kuliko wote. Aliyemtaja mchezaji alikosa.

Hakuwahi kukosa penalti hata moja. Wizara ilihakikisha hivyo kwa kumtuma Afisa Itifaki kila klabu kabla ya ufunguzi, kuwafundisha makipa somo la Kufungwa kwa Heshima. Aliyekuja kwetu alikuwa bwana mwembamba aliyezoea kuinama akiongea, hata akiongea na mbwa wa mlinzi.

"Usianguke mapema," alituambia, "utaonekana unamdharau. Usichelewe, utaonekana unamjaribu. Mpira ukishaingia, kaa chini, shika kichwa, mtazame Mheshimiwa kwa mshangao. Mshangao wa furaha, si wa dharau. Haya, tuone."

Kipa wetu wa akiba, Havijawa, alianguka vizuri hata Afisa akafuta machozi. Siwema alipata taabu. Mwili wake ulikuwa na tabia mbaya ya kuufuata mpira. Akiambiwa kushoto, mpira ukienda kulia, mikono ilikuwa imeshafika kulia kabla yeye mwenyewe hajakumbuka maelekezo.

"Binti, unajifanya mjuzi?" Afisa alimuuliza.

"Hapana, bwana. Ni mazoea."

"Yaache."

Basi akayaacha. Nataka hili lijulikane, maana baadaye yalisemwa mengi: Siwema hakuwa mkorofi. Alitaka safari. Kila jioni nilimpigia mpira kulia naye akaanguka kushoto, akijikung'uta vumbi na kurudi tena mstarini, mpaka mwili wake ukakubali. Siku ya mwisho ya somo alimwambia Afisa, kwa upole kabisa, "Nitaanguka, bwana. Yeye aufikishe tu mpira."

Afisa alicheka sana. "Mheshimiwa hana historia ya kutofikisha."

*

Siku ya ufunguzi tulipangwa mstari tangu asubuhi, tukiwa tumevaa jezi mpya zenye picha ya Mheshimiwa kifuani. Mheshimiwa alifika wakati kivuli cha mtambaa panya kilikuwa kimeshahamia upande wa pili wa goli. Magoli yetu yalikuwa ya mabomba mepesi, ya kunyanyuliwa, si ya kuchimbia, kwa sababu uwanja huo huo hutumika kwa mahafali na mikutano, na mabango ya Mheshimiwa yanahitaji nafasi. Sisi wanakamati tulisimama kando ya nguzo, tayari kwa makofi. Rukia alikuwa nguzo ya kulia, mimi ya kushoto. Kwenye mstari, katikati yetu, alisimama Siwema na glovu zake.

"Vijana wangu!" Mheshimiwa alihutubia. "Serikali haichezi mpira wa wanafunzi. Narudia, haichezi! Serikali inautazama tu. Inautazama kwa karibu. Inautazama kwa upendo. Nani amewahi kumwona mzazi akimtazama mwanawe, mtoto akasema anaingiliwa?"

"Hakuna!" tukaitikia.

"Klabu zenu ni zenu. Maamuzi ni yenu. Sisi kazi yetu ni kuwaruhusu muwe huru, na ruhusa hiyo," akapiga mfuko wa koti lake, "pamoja na ruhusa ya safari yenu, ninayo hapa."

Nilimwona Siwema akiutazama ule mfuko. Sijawahi kumwona akitazama kitu namna ile.

Mheshimiwa akavua viatu vya ofisini, akavalishwa vya mpira. Akarudi nyuma hatua za kumtosha mtu anayekwenda kuruka mto. Bendi ikanyamaza. Akaja mbio, tumbo likitangulia, na ncha ya kiatu ikachimba nyasi kwanza, ndipo ikaugusa mpira.

Siwema akaanguka kushoto. Alianguka kwa wakati, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Bendi ikapuliza wimbo wa ushindi, kisha tarumbeta moja ikanyamaza, na ya pili, halafu ngoma nayo ikafa, kwa sababu mpira ulikuwa bado unakuja. Ulikuja polepole kama mtoto aliyetumwa dukani wakati wa mchezo. Ukafika katikati ya njia. Ukasimama.

Uwanja mzima ukaganda. Siwema alikuwa amelala chini, ameshika kichwa kwa mshangao wa furaha, akiungoja mpira usiofika.

Fikirini hali ile. Kurudia penalti ni kusema ya kwanza ilikosa, na Mheshimiwa hajawahi kukosa. Mwamuzi aliweka kipyenga mdomoni, akakitoa, akakitazama kama ambaye hakumbuki ni cha nini. Afisa Itifaki aliinama mpaka nikadhani anatafuta upepo wa kuusukuma mpira. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameshainua mikono juu kushangilia, na sasa ilikuwa haijui ishuke au ibaki.

Ndipo nikaona mkono wa Rukia umeshika nguzo.

Hakuna aliyetuagiza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na nataka lieleweke vizuri kwa sifa ya klabu yetu. Waziri hakusema neno. Profesa hakusema neno. Askari walikuwa mbali, wanakunywa maji. Rukia alishika nguzo ya kulia, akanitazama, nami nikashika ya kushoto. Wenzetu wakashika mabomba ya nyuma. Tukanyanyua. Tukaubeba mzigo ule mwepesi mbele ya chuo kizima, tukaupitisha juu ya Siwema pale alipolala, na nyavu zikamfunika zikamburuza nywele. Alinitazama kupitia matundu. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana anataka kujua kama kweli ni mimi.

Tukaendelea mpaka tulipoufikia mpira, tukaupita, tukaliweka goli chini kwa uangalifu. Mpira ukawa ndani.

Uwanja ulilipuka! Bendi ilirudi kwenye wimbo wake, Profesa Kilonzi akarusha kofia, na mtangazaji akalia kwenye kipaza sauti kwamba bao zuri kama hilo halijawahi kuonekana katika ukanda wetu, na nadhani hapo alisema kweli. Nami nilishangilia. Uso ulikuwa unaniwaka, nikasema ni jua.

*

Mheshimiwa alishangilia pamoja nasi, kisha akatazama vizuri. Furaha ikamtoka.

"Kipa yuko wapi?"

Tukatazama. Goli lilikuwa mbele, tupu. Siwema alikuwa nyuma kule, palepale penye mstari wa chokaa, amekaa chini akitoa nyuzi za wavu kwenye nywele.

"Yaani nimefunga goli lisilo na kipa?" Mheshimiwa aliuliza, sauti ikitetemeka. "Mimi? Kama watoto wa mitaani? Magazeti yatasema nini? Nani amelitoroka goli langu?"

Alivuta pumzi, akakumbuka kwamba yeye ni mlinzi wa uhuru.

"Sitaingilia," alisema. "Hii ni klabu ya wanafunzi. Kaeni wenyewe, mtafakari wenyewe, mumwadhibu wenyewe. Ruhusa ya safari itakaa hapa mfukoni, salama, ikisubiri hekima yenu."

*

Kikao cha nidhamu tulikifanya katika chumba cha klabu, wanafunzi watupu, mlango umefungwa. Profesa Kilonzi alikataa katakata kuingia, asije akaathiri maamuzi yetu. Alikaa nje ya mlango kwenye benchi, akawa anakohoa kila tulipopotea njia.

Rukia alisoma shtaka: kulitoroka goli wakati wa shughuli ya kitaifa. Siwema alikaa mbele yetu, mikono imelala mapajani. Bila glovu ilikuwa midogo kuliko nilivyodhani.

"Una la kujitetea?"

"Mimi sikwenda popote," alisema. "Nilikuwa palepale. Goli ndilo lililoondoka."

Hapo ulizuka mjadala mzito unaolingana na hadhi ya chuo. Mwenzetu wa falsafa aliuliza kama kipa ni wa mahali au ni wa goli. Wa sheria akasema kwa mujibu wa kanuni kipa hulinda goli, na hakuna kanuni inayolitaka goli limlinde kipa. Wa jiografia alitaka kujua mahali ni nini hasa. Nami nilitikisa kichwa mara kwa mara, kwa sababu kutikisa kichwa ni kushiriki.

Siwema aliwaacha wamalize.

"Naomba niulize moja tu," alisema. "Nani alilibeba?"

Kila mmoja aliitazama mikono yake kama ameikuta mezani.

"Siulizi kwa ubaya. Niambieni tu, niondoke nikijua. Goli halina miguu. Nani alilibeba?"

Nje, Profesa alikohoa.

Rukia aliangalia dari. Siwema hakumwangalia Rukia. Alikuwa ananiangalia mimi, mtu anayejua chai yake inataka sukari kiasi gani, akaendelea kuningoja. Alijua kuwa nilikuwa nguzo ya kushoto. Macho yetu yalikutana kwenye nyavu. Hakutaka kunitaja, alitaka nijitaje. Kama ningesema "ni mimi", neno dogo hilo, wangelazimika kunihukumu na mimi, na baada yangu Rukia, na baada ya Rukia wote, na huwezi kuifukuza klabu nzima kutoka klabuni. Nililiona jambo hilo wazi kabisa. Nikafungua mdomo.

"Mimi nadhani," nikasema, "ni upepo."

Kikohozi cha nje kikakoma.

"Ndiyo!" Rukia alirukia. "Kweli, siku ile kulikuwa na upepo!"

"Mkali," akasema wa jiografia. "Wa kutoka kusini."

Siwema aliinamisha uso. Hakulia, msifikiri alilia. Alifanya kama mtu aliyeona jirani yake akitoka bafuni bila nguo, akaangalia pembeni ili kumsitiri. Hapo ndipo nilipojua aibu ni ya nani chumbani mle. Bibi yangu alizoea kusema uso umeumbwa na haya. Wangu siku ile ulikuwa umeumbwa na kitu kingine, maana niliubeba vilevile mpaka mwisho wa kikao.

Hukumu ilikuja upesi. Upepo ulilihamisha goli, na kipa, badala ya kwenda na upepo, alibaki. "Bendera hufuata upepo," Rukia alihitimisha, "sembuse kipa!" Siwema akaondolewa kwenye timu. Tulipiga kura kwa kuinua mikono, na mikono yote iliinuka, mizuri, ya wasomi, ile ile iliyobeba.

Tulipotoka, Profesa Kilonzi alitupokea kwa mshangao mkubwa. "Kumbe mmeamua hivyo? Basi sina la kusema, wanangu. Ni uamuzi wenu." Kisha akanivuta kando, akaninong'oneza, "Mkono usioweza kuukata, ubusu. Umefanya vizuri, Tausi. Ule upepo ulikuwa wa kisomi."

*

Nilirudi chumbani nikiwa na maneno mengi. Nilitaka nimkute akilia nimbembeleze, au amekasirika anitukane, nami nitukanike, nipate nafuu. Nilimkuta amechemsha maji. Vikombe vilikuwa viwili.

"Chai yako hiyo," alisema.

"Siwema..."

"Kunywa, itapoa."

"Ingekuwaje sasa? Tungekosa safari wote. Na wewe ungekosa vilevile."

"Ndiyo."

"Funika kombe mwanaharamu apite. Mambo yakitulia tutakurudisha."

"Sawa, Tausi."

Alikunywa chai yake. Glovu zilikuwa dirishani, zimekauka, hazinuki tena kwa kuwa hazikuvaliwa. Nikaona heri zinuke. Kwa mara ya kwanza nikatamani nibadilishiwe chumba, na nilipokwenda kuomba, mama wa bweni akaniuliza mwenzangu ana kasoro gani. Nilikosa hata moja ya kumtajia. Nikarudi.

*

Safari tulikwenda. Mheshimiwa alitoa ruhusa mfukoni akatupungia uwanjani, akasifu ukomavu wa vijana wanaojitawala. Nafasi ya Siwema ilichukuliwa na Havijawa, bingwa wa kuanguka.

Kule ng'ambo tulikuta mambo ya ajabu. Mechi ilianza bila mgeni rasmi. Mwamuzi alipuliza tu kipyenga kama mtu asiye na malezi. Na magoli yao, sijui kwa nini, yalikuwa yamechimbiwa ardhini kwa zege. Rukia aliijaribu nguzo kwa siri, akarudi akitikisa kichwa. Wale wasichana walikuwa hawatujui. Walipiga mashuti bila adabu yoyote, na Havijawa, kila mpira ulipokuja kulia, alianguka kushoto, kwa wakati, kwa heshima, kisha akashika kichwa kwa mshangao wa furaha. Watu wa nchi ile walidhani ni dini yetu. Ilipofika mechi ya pili walianza kututazama kwa huruma, na mmoja wao, mshambuliaji, alinifuata baada ya kipyenga, akaniuliza kwa upole, "Dada, hamna kipa mwingine?"

"Hatuna," nikasema.

Hilo nalo nililisema.

Nyumbani tulipokelewa kwa bendi. Redio ilitangaza kwamba tumerudi salama, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba upepo wa kule haukuwa upande wetu. Wizara haikulala. Kutokana na uzoefu wa klabu yetu, Mheshimiwa alizindua uvumbuzi wa kitaifa: magoli yote nchini yatiwe magurudumu. Aliuita Goli Sikivu. "Kwa nini mpira peke yake uhangaike kulitafuta goli?" aliuliza taifa. "Je, goli nalo halina wajibu?" Kila klabu ikatakiwa kuwa na wasukumaji, wanafunzi, waliochaguliwa na wanafunzi. Mimi, kwa kutambuliwa kama mwanzilishi, niliteuliwa Mratibu wa Magurudumu wa chuo. Nilivikwa kilemba cha ukoka, pamoja na beji ya kifuani. Wazazi wangu waliipiga picha.

Beji ile niliivua kila nilipofika mlangoni petu, nikaitia mfukoni, ndipo nikaingia.

*

Siwema alimaliza mitihani yake. Siku ya kuondoka, jioni jua likiwa bado lipo, nilimsindikiza na begi lake mpaka uwanjani, ambako gari la mjomba wake lingempitia. Goli Sikivu lilikuwa limefungiwa bandani lisinyeshewe. Pale mahali pake pa zamani palibaki kipara cha udongo, nyasi zimekufa kwa miaka ya miguu yake kusimama.

Aliweka begi chini. Akatazama kile kipara. Kisha akafungua zipu, akatoa glovu na mpira uliochakaa.

"Nipigie mmoja," alisema. "Kabla gari halijaja."

"Goli hakuna."

Akavua raba zake, akaiweka moja huku na nyingine kule, akasimama katikati, peku.

"Hilo hapo. Piga kweli, Tausi. Usinipigie kwa adabu."

Niliuweka mpira. Nilikuwa nimemwazia maneno ya kumwambia mwezi mzima, na sasa nikaona hayana haja: nitaupiga mpira huu kwa nguvu zangu zote, ataruka, ataudaka, na akishaudaka itakuwa nimemwomba radhi kwa lugha anayoielewa yeye. Nilitaka audake kuliko nilivyowahi kutaka kufunga. Nikarudi nyuma, nikaja mbio, nikapiga.

Ulikwenda kwa kasi nzuri. Ukapita nje ya kiatu cha kushoto, mbali, ukaviringika kuelekea ukuta wenye maandishi.

Siwema hakuwa amesogea. Alijua tangu mpira unaondoka mguuni.

"Nje," alisema.

Nilikimbia kuufuata mpira. Ndivyo nilivyodhani, kwamba naufuata mpira. Lakini miguu yangu ilisimama kabla ya kufika, na nilipoangalia nilikuwa nimeinama kwenye mstari, mkono wangu umeshika kiatu cha Siwema, na kiatu kimeshaanza kusogea.

Nilibaki nimeinama vile. Sikuweza kuinua uso.

Barabarani honi ililia. Siwema akavua glovu, akaenda akavaa kiatu kimoja, akachukua begi lake. Kisha akaja mpaka nilipokuwa, mguu mmoja peku, akasimama kando yangu, akingoja mkono wangu ukiachie kile cha pili, avae, aende.